Kazi ya Mcheza Shogi wa Japani

Juu ya kabati la ramani katika maktaba yetu liko sanduku la mbao ambalo wanafunzi wengi hudhani kuwa ni la drafti. Si la drafti. Ndani yake mna ubao na kete za shogi, mchezo wa Wajapani, na aliyetuachia ni mwalimu mmoja mgeni wa hisabati aliyetufundisha miaka miwili kisha akarudi kwao. Tunaoucheza hatuzidi sita, na tangu tuanze nimeulizwa mara nyingi na wenzangu wa bwenini: je, ni kweli kwamba huko Japani kuna watu wazima, wenye wake na watoto, ambao kazi yao ni hiyo tu, kucheza? Ni kweli. Tena kazi hiyo ni ngumu kuipata kuliko nyingi tunazozitamani sisi hapa. Katika makala hii nataka kueleza jinsi inavyopatikana na jinsi inavyopotea, pamoja na habari za bwana mmoja aliyefungiwa mlango wake akiwa na miaka 26.

Yafaa kwanza niseme machache juu ya mchezo wenyewe, maana bila hayo mengine hayataeleweka. Shogi ni ndugu wa sataranji, na yasemwa kuwa yote miwili imetokana na mchezo wa kale wa Uhindi. Ubao una miraba 81, tisa kwa tisa. Kila mchezaji ana kete 20: mfalme, dhahabu mbili, fedha mbili, farasi wawili, mikuki miwili, askari tisa, na kete mbili kubwa, moja ya kwenda moja kwa moja na moja ya kwenda kwa pembe. Kete zote ni vipande bapa vya mbao vyenye pembe tano, vimeandikwa kwa herufi za Kijapani, na zote ni za rangi moja. Utajuaje basi ipi ni ya nani? Kwa ncha yake. Ncha humwelekea adui.

Kuna sababu ya kutozitia rangi. Katika shogi kete iliyotekwa haifi. Aliyeiteka huiweka kando ya ubao, na zamu yake ikifika aweza, badala ya kusogeza kete nyingine, kuirudisha ubaoni kuwa askari wake mwenyewe, karibu popote apendapo. Mcheza bao ataelewa mara moja. Katika bao la Waswahili, na katika omweso wetu wa hapa Uganda, kete zilizoliwa hazitupwi nje. Humwagwa upande wa yule aliyezila, zikampigania yeye. Sataranji ikielekea mwisho, ubao huwa mtupu kama shamba baada ya mavuno. Shogi ikielekea mwisho, ndipo vita hukolea, kwa kuwa kila mmoja ana mateka mkononi na hujui atawashusha wapi. Ndiyo maana sare ni nadra sana, na ndiyo maana mtu aliyekuwa akishinda tangu asubuhi aweza kuangushwa saa sita ya usiku kwa mwendo mmoja.

Kuna kisa kimoja juu ya jambo hili ambacho sikiachi. Baada ya Japani kushindwa vita mwaka 1945, nchi ilitawaliwa kwa muda na majeshi ya Marekani, nao walichunguza mambo mengi ya kale wakitaka kujua kama yalikuwa yakichochea vita. Bingwa mmoja wa shogi, Masuda Kozo, amesimulia kwamba maofisa walimwita wakamwuliza kama si ukatili kuwatumia mateka kupigana na nchi yao. Masuda akajibu kwamba katika shogi mateka hauawi, hupewa kazi iliyo sawa na cheo chake cha kwanza, ilhali katika sataranji ya wazungu mateka huuawa, na mfalme akiona shida humtoa hata malkia wake ili ajiokoe. Mchezo haukupigwa marufuku. Mimi sina hakika kama ni jibu lile lililouokoa, lakini lilikuwa jibu zuri.

Sasa nije kwenye kazi. Kulipwa kwa ajili ya shogi si jambo jipya. Mwaka 1612 serikali ya watawala wa ukoo wa Tokugawa ilimpa Ohashi Sokei posho ya mchele kila mwaka, naye ndiye ahesabiwaye kuwa Meijin wa kwanza, yaani bwana mkubwa wa mchezo. Kwa muda wa zaidi ya karne mbili jina hilo lilikaa katika nyumba tatu tu, likirithiwa kama usultani, na mwenye nalo alilishika mpaka kufa. Mwaka 1935 Meijin wa mwisho wa desturi hiyo, Sekine Kinjiro, alitangaza kwamba ataliachia jina lake lishindaniwe, na mwaka 1937 Kimura Yoshio akawa wa kwanza kulipata kwa kushinda. Tangu hapo wanaolipa si wafalme bali magazeti. Magazeti makubwa ya Tokyo hutoa fedha za mashindano, nayo hupata haki ya kuchapisha mechi zile mwendo kwa mwendo pamoja na maelezo. Hivyo mcheza shogi, ukimtazama sana, ni mtu anayetungia gazeti habari bila kushika kalamu.

Wachezaji wenyewe wana chama chao, ambacho makao yake yako Sendagaya, Tokyo. Chama hicho si serikali wala si kampuni ya tajiri mmoja. Wanachama ni wachezaji, na mambo makubwa huamuliwa kwa kura zao. Mkumbuke hilo, kwa maana litarudi.

Mtoto atakaye kazi hii hana budi kuingia Shoreikai. Jina hilo maana yake ni chama cha kutia moyo, na msomaji atajionea mwenyewe moyo unaotiwa humo. Huingia akiwa na miaka kumi na kitu, au pungufu, akidhaminiwa na mcheza shogi wa kazi anayekubali kuwa mwalimu wake. Usifikiri anapewa kiti cha kwanza darasani. Mtoto ambaye mtaani kwao huwashinda wazee wote, pale huanza kyu ya sita, ambayo ni ngazi ya chini. Akishinda ya kutosha hupanda kyu ya tano, ya nne, mpaka ya kwanza. Kisha dani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na katika ngazi zote hizo yeye ni mwanafunzi tu. Hana mshahara. Kazi apewayo ni kukaa kando ya wakubwa wanapocheza, kuandika miendo yao na kuwahesabia saa, kutwa nzima na pengine mpaka usiku wa manane.

Mshahara huanza dani ya nne. Kutoka ya tatu kwenda ya nne ni hatua moja, lakini ndiyo hatua iliyowameza wengi. Wenye dani ya tatu, ambao huwa thelathini na zaidi, hucheza ligi ya miezi sita, kila mmoja mechi 18. Ligi ikiisha, wawili wa juu huwa wachezaji wa kazi. Wawili tu! Kwa hiyo nchi yenye watu zaidi ya milioni mia moja hupata wacheza shogi wapya wanne hivi kwa mwaka. Na juu ya hayo kuna sheria ya umri. Asiyepata dani ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 21 hutoka. Asiyepata dani ya nne mpaka ligi ile anayotimizia miaka 26 hutoka pia, isipokuwa aongezewe muda kidogo kwa kuwa anaendelea kushinda zaidi ya kushindwa.

Wasomaji wengi wa gazeti hili mmeshaanza kuhesabu miaka yenu, najua. Mimi nina miaka 19, na nimeanza shule kwa kuchelewa kama wengi wetu. Ningekuwa Shoreikai ningebakiwa na miaka miwili tu ya kuipata dani ya kwanza. Lakini tofauti yetu na wao ni hii: mwanafunzi anayeshindwa mtihani hapa bado anajua kusoma na kuhesabu, na mahali pengi watamhitaji kwa hayo. Kijana anayetoka Shoreikai ana miaka 26 na anajua sana jambo moja ambalo hakuna ofisi inayolihitaji. Wengine waliacha shule kwa ajili yake.

Basi nieleze habari za Segawa Shoji. (Wajapani hutanguliza jina la ukoo, nami nafuata desturi yao.) Alizaliwa Yokohama mwaka 1970. Alikuwa mtoto mnyamavu, asiyejiona kuwa na kipaji cha lolote, mpaka mwalimu wake wa shule ya msingi alipomsifu kwa shogi yake. Nyumba ya jirani alikuwamo mvulana wa rika lake aliyependa mchezo ule ule, wakawa wanashindana kila siku, na wote wawili wakawa wachezaji hodari. Mwaka 1984, akiwa na miaka 14, Segawa aliingia Shoreikai. Alipanda polepole mpaka dani ya tatu. Hapo akakwama. Ligi ikafuata ligi, wawili wakapita na yeye hakuwa mmojawapo. Mwezi wa Machi mwaka 1996 alitimiza miaka 26, na jina lake likafutwa. Miaka kumi na miwili ikaishia hapo.

Kwa muda hakutaka hata kuiona kete. Akaingia chuo kikuu akiwa mkubwa kuliko wanafunzi wenzake, akahitimu, akaajiriwa katika kampuni ya kompyuta kuwa fundi wa mitambo ya hesabu. Mtu mwingine angeishia hapo, na isingekuwa maisha mabaya. Lakini aliurudia mchezo, sasa kwa kujifurahisha, jioni na siku za mapumziko. Na jambo la ajabu ni kwamba alipokuwa hana cha kupoteza alicheza vizuri kuliko zamani. Mwaka 1999 akawa bingwa wa Japani wa wacheza shogi wasio wa kazi. Mashindano mengine ya kazi huwapa nafasi chache mabingwa wa namna hiyo, basi akaanza kukutana na wale wenye dani ya nne, ya tano, ya sita, akawashinda zaidi ya mara saba katika kila mara kumi. Alimshinda hata Kubo Toshiaki, mwenye dani ya nane, aliyekuwa katika daraja la juu kabisa.

Hapo watu wakaanza kuuliza. Kama mtu huyu hafai kuwa mchezaji wa kazi, hao anaowashinda wanafaa kwa sababu gani?

Mwanzoni mwa mwaka 2005 Segawa alipeleka ombi chamani akitaka apewe nafasi nyingine. Hakukuwa na sheria ya kumkubali. Mtu wa mwisho kuingia kwa mtihani wa pekee alikuwa Hanamura Motoji, mwaka 1944. Tarehe 26 Mei 2005 wachezaji wakakutana na kupiga kura.

Naomba msomaji ajiweke mahali pao. Mimi nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilimtetea Segawa bila kufikiri, kama wengi watakavyofanya. Lakini fikiri juu ya yule aliyeipata dani ya nne akiwa na miaka 25 na miezi kumi, aliyekuwa akitetemeka kila mechi kwa ajili ya sheria ile. Fikiri juu ya rafiki zake waliofukuzwa, ambao sasa wanauza duka au wanaendesha gari, ambao hawakuomba lolote. Mlango ukifunguliwa kwa mmoja, waliokwisha kwenda zao utawaambia nini? Na fedha za magazeti ni zile zile. Kila mdomo unaoongezeka hula katika sahani ya wengine. Kwa upande wa pili, chama kinachosema kuwa wanachama wake ndio wacheza shogi hodari wa nchi hakiwezi kumfungia nje mtu anayewashinda, halafu kikaendelea kusema hivyo bila watu kucheka. Mimi nafikiri hoja hii ya pili ina uzito zaidi, ila simlaumu aliyeshika ya kwanza. Kura zikahesabiwa: 129 zilikubali apewe mtihani, 52 zilikataa.

Mtihani uliwekwa wa mechi sita, na ili afaulu alitakiwa kushinda tatu. Mpinzani wa kwanza, mwezi wa Julai, hakuwa mchezaji wa kazi bado. Alikuwa mwanafunzi wa dani ya tatu, Sato Amahiko, mwenye miaka 17. Yaani walimkalisha Segawa mbele ya kijana anayepanda ngazi ile ile aliyoangukia yeye. Segawa akashindwa. Asiyejua aweza kucheka, lakini kijana yule ndiye aliyelishika jina la Meijin tangu mwaka 2016 mpaka 2019.

Yasimuliwa kwamba baada ya kushindwa huko alipokea kadi ya posta, nayo ilitoka kwa yule yule mwalimu wake wa shule ya msingi. Alikuwa hajamsahau mtoto mnyamavu. Walimu wetu wakisoma hapa watafurahi, nami nimeiandika kwa ajili yao.

Mechi ya pili alimshinda Kamiyoshi Hirokazu, dani ya sita. Ya tatu alikutana tena na Kubo, na safari hii Kubo hakufanya mzaha, Segawa akashindwa. Ya nne alicheza na Bibi Nakai Hiroe, mmoja wa wanawake hodari kabisa wa mchezo huo, akashinda. Ikawa mbili kwa mbili. Mechi ya tano ilichezwa tarehe 6 Novemba 2005 na mpinzani alikuwa Takano Hideyuki, dani ya tano. Segawa akashinda, na mechi ya sita haikuhitajiwa tena. Siku hiyo akawa mwenye dani ya nne, mchezaji wa kazi, akiwa na miaka 35.

Mwaka uliofuata chama kikaandika sheria ili mambo yasiwe ya mtu mmoja. Mcheza shogi asiye wa kazi, akiwashinda wa kazi mara 10 au zaidi, na ushindi wake ukifika asilimia 65, aweza kuomba mtihani wa mechi tano dhidi ya wale walioingia karibuni, na akishinda tatu ameingia.

Watu wengi husimulia habari hii na kuikomesha hapo, kama hadithi ya sungura aliyemshinda fisi. Lakini kupata kazi si kuifanya. Wachezaji wa kazi wamepangwa katika madaraja matano, na daraja la juu lina watu 10 tu. Kila mwaka wachache hupanda na wachache hushuka. Anayeshinda daraja la juu ndiye hupewa nafasi ya kumkabili Meijin. Kwa kuwa mtu hapandi zaidi ya daraja moja kwa mwaka, hata malaika angehitaji miaka mitano tangu kuanza mpaka kuligombea jina hilo. Segawa hakuwekwa hata katika daraja la tano. Aliwekwa nje ya madaraja, mahali ambapo mtu hupewa miaka kumi ajitoe kwa kushinda, na asipojitoa hustaafishwa. Alijitoa mwaka 2009. Mwaka 2018 alipata dani ya sita, na mwaka huo huo filamu ikatolewa juu ya maisha yake. Aliyeiongoza, Toyoda Toshiaki, alikuwa mwenyewe mwanafunzi wa Shoreikai utotoni mwake, basi hakuhitaji kuelezwa.

Na siku ya kazi huwaje? Mechi ya madaraja huanza saa nne ya asubuhi. Kila mchezaji ana saa sita za kufikiri, hivyo wote wawili wakizitumia, na mapumziko ya kula yakiongezwa, mechi hupita saa sita ya usiku. Wanaketi chini juu ya mkeka, wamepiga magoti. Saa za mtu zikiisha, karani huanza kuhesabu kwa sauti, na kila mwendo lazima uchezwe ndani ya dakika moja. Ni katika dakika hizo mtu huona jasho. Kosa moja la kitoto, yaani kushusha askari wa pili katika mstari ambao tayari una askari wako, lamaanisha umeshindwa papo hapo, na hata wachezaji wakubwa wamelifanya mbele ya televisheni.

Mechi za kugombea jina la Meijin huchukua siku mbili, saa tisa kwa kila mmoja. Jioni ya siku ya kwanza yule mwenye zamu hachezi mwendo wake waziwazi, bali huuandika katika karatasi, hutia katika bahasha, ikafungwa mpaka asubuhi. Nilifikiri sana kabla ya kuelewa faida yake. Angeucheza wazi, mwenzake angelala akiuchambua usiku kucha. Asingeucheza kabisa, yeye mwenyewe angekuwa na usiku wa kuuchagua. Kwa bahasha ile hakuna anayeiba saa.

Jambo linalonipendeza kuliko yote ni mwisho wa mechi. Mfalme halazimiki kutekwa. Anayeona kuwa ameshindwa huinamisha kichwa na kusema kwa kinywa chake kwamba ameshindwa. Refa hamsemei. Kisha wote wawili, mshindi na mshindwa, huzipanga kete upya na kuirudia mechi pamoja, wakiulizana: hapa je, ungenijibu vipi kama ningecheza hivi? Fikiri timu zetu mbili za mpira zikifanya hivyo baada ya mechi ya Jumamosi.

Aliyesema neno lile la kushindwa mara nyingi kuliko wengine ni Kato Hifumi, na kwa kuwa shule yetu ni ya misheni, yafaa atajwe, maana alibatizwa kuwa Mkatoliki mwaka 1970 na hakuficha imani yake. Aliingia kazini mwaka 1954 akiwa na miaka 14. Akiwa na miaka 18 alikuwa tayari katika daraja la juu. Watu wakangoja awe Meijin kesho yake, lakini alilipata jina hilo mwaka 1982, akiwa na miaka 42, na mwaka uliofuata likamtoka. Akaendelea kucheza, akishuka daraja kwa daraja, mpaka sheria zikamstaafisha mwezi wa Juni 2017 akiwa na miaka 77. Katika maisha yake alishinda mechi 1,324 na kushindwa 1,180.

Tarehe 24 Desemba 2016, usiku wa kuamkia Krismasi, mzee huyu alikabidhiwa mpinzani ambaye ndiyo kwanza aanze kazi: Fujii Sota, mvulana wa miaka 14. Kijana akashinda. Akashinda na iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mechi 29 bila kushindwa, jambo ambalo halikupata kutokea. Mwaka 2023 Fujii akawa Meijin akiwa na miaka 20, na mwezi wa Oktoba mwaka huo akawa ameshika majina yote manane makubwa kwa pamoja, hata Ito Takumi alipomnyang'anya moja mwezi wa Juni 2024. Fujii aliacha shule ya sekondari miezi michache tu kabla ya kumaliza. Habari hii naomba isifike kwa Mwalimu Mkuu.

Wengine watauliza juu ya kompyuta. Kompyuta imekwisha kushinda. Mwaka 2017 programu moja ilimshinda Sato Amahiko mara mbili wakati alipokuwa Meijin. Watu walisema kazi imekufa, lakini haikufa. Wachezaji sasa hujifunza kwa mashine nyumbani na kuchezeana bila mashine, na watu bado hukesha kuwatazama. Pikipiki hupita mbio kuliko mtu yeyote, na bado siku ya michezo twasimama juani kutazama mbio za mita 400.

Lililobaki ni la wanawake. Wana mashindano yao na vyeo vyao tangu mwaka 1974, lakini mlango wa dani ya nne uko wazi kwao kama kwa wanaume, na mpaka mwanzoni mwa mwaka 2025 hakuna aliyekuwa amepita. Bibi Satomi Kana aliufanya mtihani ule uliotokana na ombi la Segawa mwaka 2022, akashindwa mechi tatu mfululizo. Bibi Nishiyama Tomoka alikaribia zaidi. Alishinda mbili, akashindwa mbili, na ya tano, mwezi wa Januari 2025, ikamponyoka. Alikuwa amebakiza mechi moja, kama Segawa siku ile ya Novemba.

Na kuna mmoja aliyeutumia mtihani huo ambaye habari zake ningeziandika kwa urefu kama mhariri angenipa ukurasa mwingine. Imaizumi Kenji alitolewa Shoreikai kwa umri mwaka 1999. Baadaye ikawekwa njia ya kurudi katika ligi ya dani ya tatu kwa mtihani. Akaipita, akacheza, akatolewa tena mwaka 2009. Akapata kazi katika nyumba ya kuwatunza wazee. Huko akawa akiwalisha wazee mchana na kucheza shogi siku za mapumziko, mpaka Desemba 2014 alipofaulu mtihani wa mechi tano, naye ana miaka 41. Mwezi wa Julai mwaka 2018, katika mashindano yaliyoonyeshwa na televisheni nchi nzima, alikalishwa mbele ya Fujii Sota, ambaye alikuwa amekwisha kufika dani ya saba. Mechi ilikwenda mbaya upande wa Imaizumi kwa muda mrefu, kisha ikageuka, na aliyeinamisha kichwa akasema ameshindwa alikuwa Fujii.